Jibu la mtaalamu: Agronomia na hesabu za shamba zisomwe katika daftari moja

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya kilimo katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Katika masomo ya udongo, mazao na wadudu ninafanya vizuri, lakini somo la usimamizi wa shamba na ujasiriamali naliona kama hesabu tupu. Tumepewa kipande cha mita 10 kwa 20 cha mahindi kwa mafunzo ya vitendo, na mwisho wa muhula tunatakiwa kuwasilisha mpango biashara wa ekari moja. Wenzangu wengi wananakili kazi za waliotutangulia. Nyumbani baba analima ekari tatu za mahindi, na kila mwaka anasema kilimo hakilipi. Naomba unieleze nisomeje somo hili ili linifae kweli, hata kama sitapata ajira ya serikali.

JIBU: Ndugu mwanafunzi, tatizo unalolieleza nimelikuta kwa wanafunzi wengi wenye akili nzuri, na sidhani kwamba chanzo chake ni uzito wa hesabu. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Chanzo ni kwamba ratiba ya chuo inaitenganisha kazi ambayo mkulima haitenganishi: asubuhi mnafundishwa nafasi ya kupandia na mkufunzi mmoja, mchana mnafundishwa gharama na mapato na mkufunzi mwingine, na mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba haya ni mambo mawili. Mkulima anaposimama dukani akijiuliza achukue mfuko mmoja wa mbolea ya kukuzia au miwili, swali lake ni la udongo na la fedha kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu: nunua kaunta buku moja, uifanye kuwa daftari la kile kipande chenu cha mazoezi kuanzia siku jembe la kwanza lilipogusa ardhi, na kila tukio la shambani liandikwe humo pamoja na hesabu yake. Ukifanya hivyo kwa uaminifu, mpango biashara utauandika kwa siku mbili, kwa kuwa sehemu kubwa yake itakuwa imekwisha kuandikwa.

Namna ya kuandika ina umuhimu wake. Ukurasa wa kushoto andika kilichofanyika na hali ya shamba, na wa kulia andika kiasi, muda na fedha. Anza daima na kiasi, ndipo uje kwenye shilingi. Usiandike “palizi, 40,000” ukaishia hapo; andika kwamba palizi ya kwanza ilifanyika siku ya ngapi tangu mahindi yaote, magugu yalikuwa na kimo gani, walipalilia watu wangapi kwa saa ngapi, na ndipo uandike kibarua angelipwa kiasi gani kwa ngwe ya ukubwa huo katika kijiji kinachozunguka chuo. Bei hubadilika kila msimu, lakini saa za kazi zinazohitajika kupalilia eneo fulani la magugu ya kimo fulani ni maarifa yatakayokufaa miaka mingi, kwa sababu unaweza kuyabandika bei mpya wakati wowote. Mvua nayo iandikwe. Vyuo vingi vya kilimo vina kipimamvua, na anayekisoma kila asubuhi hatakunyima takwimu zake.

Hapa ndipo unapoonekana ubaya wa kunakili kazi ya mwaka uliopita, na sizungumzii udanganyifu peke yake, ingawa nao ni udanganyifu. Mwaka 2021 na 2022 bei za mbolea zilipanda sana katika soko la dunia, na hapa Tanzania serikali ikaanzisha mpango wa ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023, ambapo mkulima aliyesajiliwa hununua kwa bei ya ruzuku. Mpango biashara ulioandikwa kabla ya hapo na ule ulioandikwa baadaye kidogo vinaweza kutofautiana mno katika mstari mmoja tu wa mbolea, na anayenakili hajui anabeba bei ya wakati gani. Katika kazi yako taja wazi kama bei ya mbolea uliyotumia ni ya ruzuku au la, na ya mwezi gani. Mkufunzi makini, au ofisa mikopo wa benki, ataangalia hapo kwanza.

Sasa tuingie shambani. Mahindi yakipandwa kwa sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashina, kila mmea unamiliki eneo la mita za mraba 0.225. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, hivyo inabeba karibu mimea 18,000. Hesabu hii umeifanya katika agronomia, ukapata alama zako na kuisahau. Irudie upande wa biashara: mstari wa mita 20 katika kipande chenu unapaswa kuwa na mimea ipatayo 67. Nenda ukahesabu wiki ya tatu baada ya kuota. Ukikuta 50, umepoteza robo ya mimea, ilhali gharama ya kulima ni ileile, palizi ni ileile, na pengine hata mbolea ni ileile kwa kuwa wengi huiweka kwa kufuata mstari bila kuangalia mapengo. Mapengo ya shambani ni gharama isiyokuwa na risiti, na ndiyo sababu haionekani katika mipango biashara mingi.

Vivyo hivyo kwa mbegu. Chukua mbegu 100, uzioteshe katika mchanga au kitambaa chenye unyevu, kisha uhesabu zilizoota. Tuseme zimeota 85. Ili upate mimea 18,000 utahitaji kupanda mbegu zipatazo 21,200. Pima uzito wa mbegu 1,000 kwa mizani ya maabara. Zikiwa gramu 350, mbegu zako zote zitakuwa na uzito wa kilo 7.4, maana yake utanunua mifuko minne ya kilo 2, si mitano. Mwanafunzi anayefika kwenye kiasi cha mbegu kwa njia hii anaweza kukitetea mbele ya yeyote. Aliyekinakili kutoka kwenye kijitabu anaweza kukitaja tu.

Katika mbolea jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa ndiko fedha nyingi ya taslimu inakokwenda. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia ambayo ina asilimia 18 ya naitrojeni na 46 ya fosfeti, unakupa kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Mfuko wa urea yenye asilimia 46 unakupa kilo 23 za naitrojeni, na wa CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, yenye asilimia 26 unakupa kilo 13. Tuseme urea inauzwa shilingi 70,000 na CAN shilingi 60,000. Machoni CAN ni rahisi, lakini ukigawanya bei kwa kirutubisho, kilo moja ya naitrojeni inakugharimu takriban shilingi 3,040 ukinunua urea na takriban 4,600 ukinunua CAN. Hata hivyo usimalize hapo, maana sasa somo la udongo linadai nafasi yake. Urea ikimwagwa juu ya ardhi yenye unyevu na joto bila kufukiwa hupoteza sehemu ya naitrojeni hewani kama gesi ya amonia, na kilo 23 ulizonunua hazitafika zote kwenye mzizi. Pia urea huongeza tindikali ya udongo mwaka baada ya mwaka, jambo la kuzingatiwa katika maeneo ya Nyanda za Juu Kusini ambako udongo wa tindikali ni wa kawaida, wakati CAN ina chokaa ndani yake na haina kasi hiyo. Jibu sahihi basi linategemea kama kuna mtu wa kufukia urea na kama udongo umepimwa. Ukiandika aya moja ya namna hii katika mpango wako, utakuwa umeonyesha umahiri ule ambao mitaala inayosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, inausisitiza.

Nije kwenye bajeti yenyewe. Bei nitakazotumia ni za kufanyia hesabu tu. Wewe utaweka za kwenu. Ekari moja ya mahindi: kulima na kupiga haro kwa trekta 90,000, mbegu chotara kilo 8 kwa 10,000 kila kilo, yaani 80,000, DAP mfuko mmoja 75,000, urea mfuko mmoja 70,000, kupanda 40,000, palizi mbili 80,000, kuweka mbolea 20,000, kiuatilifu cha viwavijeshi vamizi pamoja na kazi ya kunyunyizia 35,000, kuvuna 60,000, kusafirisha kutoka shambani 30,000, kupukuchua 30,000, viroba 15 kwa 1,000 kila kimoja 15,000. Jumla ni shilingi 625,000. Hizi zote ni gharama zinazobadilika, maana ukiacha kulima ekari hiyo hazitakuwapo. Tuseme mavuno ni magunia 15 ya kilo 100, yaani kilo 1,500, na bei ya shambani ni shilingi 550 kwa kilo. Mapato ni 825,000, na ukitoa gharama unabaki na faida ghafi ya 200,000.

Wanafunzi wengi hupiga mstari mara mbili chini ya hiyo 200,000 na kufunga daftari. Kwangu mimi hapo ndipo kazi inapoanza. Gawanya gharama kwa bei: 625,000 kwa 550 ni kilo 1,136, yaani magunia 11 na kidogo. Hicho ndicho kiwango cha mavuno ambacho chini yake fedha iliyotoka hairudi. Kisha gawanya gharama kwa mavuno: 625,000 kwa 1,500 ni takriban shilingi 417, na hiyo ndiyo bei ambayo ukiuza chini yake unauza kwa hasara. Sasa jaribu misukosuko. Mavuno yakishuka hadi magunia 12 bei ikibaki 550, faida ghafi inakuwa 35,000. Bei ikishuka hadi 450 mavuno yakibaki 15, inakuwa 50,000. Vikishuka vyote viwili pamoja, unapata hasara ya 85,000, ingawa kiasi kidogo cha gharama ya kupukuchua na viroba kitapungua. Mpango biashara usiokuwa na hesabu hizi nne au tano za misukosuko haujamwambia mkulima chochote anachohitaji kujua kabla ya kukopa, kwa sababu magunia 15 na shilingi 550 ni matarajio, na shamba la kutegemea mvua halikuahidi mtu chochote.

Umetaja kauli ya baba yako, nami naichukulia kwa uzito, kwa kuwa mzee anayelima kila mwaka na kusema hakilipi ana jambo analoliona. Mkulima wa familia mara nyingi hupanda, hupalilia, huweka mbolea na huvuna kwa nguvu ya nyumbani. Katika bajeti yetu kazi hizo nne zina thamani ya shilingi 200,000. Akizifanya na mama na watoto, fedha taslimu iliyotoka mfukoni ni 425,000, na baada ya kuuza atakuwa na 400,000 mkononi zaidi ya alichotoa. Akiangalia fedha hiyo ataona kwamba kilimo kimelipa; akiangalia mgongo wake na muda wa watu wa nyumbani ataona hakijalipa. Yote mawili ni kweli: nusu ya hiyo 400,000 ni ujira wa familia, na nusu ndiyo faida ya shamba. Kwa hiyo katika daftari lako weka safu mbili za gharama, moja ya fedha iliyotoka na nyingine ya nguvu ya familia iliyothaminiwa kwa bei ya kibarua wa eneo hilo. Usiichanganye na usiiache. Mimi siamini kabisa bajeti inayoonyesha faida kubwa ya shamba la familia bila mstari mmoja wa jasho la familia, na ninasikitika kuona bajeti za namna hiyo zikisambazwa kwa vijana kama vivutio vya kuingia kwenye kilimo.

Sasa nirudi kwenye kipande chenu cha mita 10 kwa 20, maana kukigeuza kuwa ekari kuna mitego miwili. Eneo lake ni mita za mraba 200, na wengi watazidisha mavuno yake kwa 20.2 kisha wamalize. Mtego wa kwanza ni kingo. Mimea ya mstari wa nje hupata mwanga na nafasi zaidi upande mmoja, au huliwa na mifugo na kukanyagwa na wapita njia. Kwa vyovyote haiwakilishi ekari nzima. Acha mstari mmoja kila upande na mita moja kila mwisho. Ikiwa mna mistari 13 ya mita 20, mtabaki na mistari 11 ya mita 18, ambayo kwa nafasi ya sentimita 75 ni mita za mraba 148.5. Vuna na upime eneo hilo peke yake.

Mtego wa pili ni unyevu, na huu unakula fedha hata za wakulima wakubwa. Tuseme katika eneo hilo mmepata kilo 60 za punje zilizopukuchuliwa, na kipima unyevu kinasoma asilimia 20. Ukipanua hadi ekari utapata kilo 1,635 na kufurahi. Lakini kiwango cha unyevu kinachokubalika katika biashara ya mahindi Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5, na juu ya hapo ukungu hupata nafasi, pamoja na ule unaozalisha sumukuvu. Katika kilo 60 zenye unyevu wa asilimia 20, kilo 48 ni punje kavu. Ukigawanya 48 kwa 0.865 unapata kilo 55.5 za mahindi yaliyokauka kwa kiwango cha kuuzwa. Kwa ekari hiyo ni kilo 1,512. Tofauti ya kilo 123, kwa bei ya shilingi 550, ni zaidi ya shilingi 67,000, ambayo ni theluthi ya faida ghafi yote tuliyoihesabu. Fedha hiyo haikuibwa na mtu, haikuwahi kuwapo.

Fedha inayoibwa ipo kwingine, katika lumbesa. Mnunuzi anapolipia gunia kwa bei ya kilo 100 huku gunia limeshonewa kilemba na lina kilo 120, kilo 1,500 zako zinahesabiwa kuwa magunia 12 na nusu. Umetoa kilo 250 bure, sawa na shilingi 137,500 katika mfano wetu. Wakala wa Vipimo hupambana na ufungashaji huu kwa mujibu wa sheria, lakini kinga ya kwanza ya mkulima ni mizani. Hata debe halitoshi kuwa kipimo, kwa sababu debe lililosawazishwa na lililotiwa kilele havina uzito mmoja. Kama wewe na wenzako mtaweza kuazima mizani ya chuo siku moja, kupima magunia ya wakulima jirani wanaouza, na kuandika matokeo bila kutaja majina, mtakuwa na sehemu ya kazi yenu ambayo hakuna atakayeweza kuinakili.

Katika somo lako kuna chombo kingine ambacho nadhani ndicho bora kuliko vyote kwa afisa ugani, nacho ni bajeti ya sehemu. Huitumii kuhesabu shamba zima, bali badiliko moja. Tuchukue lile swali la dukani la mfuko wa pili wa urea. Gharama inayoongezeka ni 70,000 ya mfuko na, tuseme, 15,000 ya usafiri na kuuweka, jumla 85,000. Kwa bei ya 550 kwa kilo, mfuko huo lazima ulete kilo 155 za mahindi za ziada ili urudishe gharama yake, yaani kila kilo ya naitrojeni ilete karibu kilo 7 za punje. Shamba lililopaliliwa mapema, lenye mimea isiyokuwa na mapengo na mvua ya kutosha, huweza kuvuka kiwango hicho vizuri. Shamba lililozidiwa na magugu linalisha magugu. Wataalamu wa mbolea kwa kawaida hutaka ongezeko la mapato liwe angalau mara mbili ya gharama ya mbolea kabla ya kumshauri mkulima mdogo, kwa ajili ya kufidia hatari ya ukame na bei. Kwa kipimo hicho unahitaji zaidi ya kilo 300 za ziada. Je, kipande chenu kinaweza? Hilo ndilo jaribio la kufanya: mistari kadhaa iwekwe urea kwa kiwango cha mifuko miwili kwa ekari, mingine kwa kiwango cha mfuko mmoja, kwa mbegu ileile na palizi ileile, na muache mistari ya kutenganisha katikati. Mkiwa makundi manne kila kundi na kipande chake, mna marudio manne, na hapo takwimu mlizofundishwa darasani zitapata kazi.

Kalenda ya fedha nitaigusa kwa ufupi, lakini usiiruke. Katika maeneo yenu mvua huanza mwishoni mwa mwaka, hivyo mbegu na mbolea ya kupandia hudai fedha Novemba na Desemba, palizi na urea hudai Januari, na mwezi huohuo shule zinafunguliwa na watoto wanahitaji sare na madaftari. Mapato yanakuja Juni au Julai. Shamba linaweza kuwa na faida nzuri kwenye karatasi na bado likafa Januari kwa kukosa fedha ya urea. Chora jedwali la miezi tisa lenye fedha inayoingia, inayotoka na inayobaki, na mwezi ambao salio ni hasi ueleze utazibwa na nini: akiba, kuuza mbuzi, mkopo wa kikundi, au mkopo wa benki na riba yake. Swali la kuhifadhi mahindi hadi bei ipande lifanyie bajeti ya sehemu kama ile ya urea, ukiweka gharama ya mifuko isiyopitisha hewa, upotevu, na riba ya deni ambalo lingelipwa Julai. Dumuzi, mdudu aliyeingia Tanzania kupitia mkoa wa Tabora na kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 1980, hufanya uhifadhi wa mahindi katika viroba vya kawaida bila kinga kuwa hasara ya karibu hakika.

Gharama zisizobadilika, kama kodi ya shamba na uchakavu wa vifaa, hazina ugumu. Bomba la kunyunyizia lililonunuliwa kwa 70,000 na litakalotumika miaka mitano lina uchakavu wa 14,000 kwa mwaka, na ukiligawa kwa ekari tatu ni chini ya 5,000 kwa ekari. Ziweke mwishoni, baada ya faida ghafi. Kuhusu sura ya mpango biashara, fuata mpangilio aliowapa mkufunzi wenu. Ninachokuomba ni kwamba sehemu ya soko uiandike kwanza, baada ya kuzungumza na wanunuzi angalau wawili na chama cha ushirika cha mazao kilicho karibu, kwa sababu bei inayotokana na mazungumzo hayo ndiyo inayobeba kila mstari unaofuata.

Umeuliza pia kuhusu ajira. Nafasi za serikali za maafisa ugani hutangazwa, na uombe kila zinapotoka. Lakini daftari kama hili linafungua milango mingine: vyama vya ushirika vya mazao vinahitaji watu wanaoweza kutunza kumbukumbu za mkulima mmoja mmoja, maghala ya mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, yanahitaji watu wanaofahamu uzito, unyevu na ubora, skimu za umwagiliaji za mpunga zinahitaji anayeweza kuwaonyesha wanachama gharama ya maji kwa ekari. Ukitaka kufungua duka la pembejeo, ujue mapema kwamba mbolea, mbegu na viuatilifu vina wadhibiti wake, yaani TFRA, TOSCI na TPHPA kwa mpangilio huo, na vibali vyao ni sehemu ya mtaji wako wa kuanzia. Viweke katika bajeti pamoja na muda wa kuvisubiri. Unapokwenda kwenye usaili, nenda na kaunta buku yako. Nimekaa upande wa wanaouliza maswali, na mwombaji anayefungua ukurasa na kusema “hapa tulipata mimea 50 badala ya 67, na hii ndiyo gharama yake” hujitofautisha mara moja na anayekariri maana ya faida ghafi.

Na kwa baba yako, usirudi likizo na kompyuta na jedwali lililokamilika. Mwombe ruhusa ya kuandika ekari moja tu kati ya zile tatu, ile atakayoichagua mwenyewe, kwa msimu mmoja. Muulize anachokumbuka kuhusu msimu uliopita: mifuko mingapi, siku ngapi za palizi, nani walivuna, aliuza lini, kwa gunia la aina gani. Andika majibu yake mbele yake, kwa maneno yake, na usimsahihishe. Mkifika kwenye uzito wa magunia, panga naye siku ya kuyapima yaliyobaki ghalani. Tathmini ya kama kilimo chake kinalipa ifanyeni pamoja baada ya hapo, ekari hiyo ikiwa na safu zake mbili za gharama, na uwe tayari kwa uwezekano kwamba hesabu zitaonyesha ekari moja kati ya tatu ilimwe maharage, au ikodishwe, na nguvu yote ya nyumbani iende kwenye mbili zinazobaki.